Kutoka gogo hadi mbao: mwongozo kamili wa kupasua kwa mashine ndogo

Mbao ikijipinda miezi mitatu baada ya kupasuliwa, lawama huenda kwa jua, kwa mvua au kwa mti wenyewe. Mara nyingi kosa lilitendeka siku gogo lilipopandishwa kwenye kitanda cha mashine, kabla injini haijanguruma: mpasuaji hakutafuta kiini.

Kiini ni ile nukta ndogo kwenye ncha ya gogo, pale pete zote zinapoanzia. Mti ulipokuwa mche mwembamba, ulikuwa hapo. Mwongozo huu utakitaja tena na tena, kwa sababu karibu kila uamuzi wa kupasua hutegemea kilipo: namna ya kulaza gogo, upande wa kuanzia, mbao ipi itatulia na ipi itapasuka katikati. Anayekijua hupata mbao nzuri hata kwa mashine ya kawaida, na asiyekijua hata mashine ya bei kubwa haitamwokoa.

Nazungumzia mashine ndogo ya bledi ya mkanda: gogo linalala limetulia juu ya kitanda, na kichwa chenye injini kinasukumwa juu ya reli. Anayepasua kwa msumeno wa mnyororo uliofungwa kwenye fremu atapata faida pia, maana gogo halibadiliki. Tofauti kubwa ni kile kinachogeuka unga. Bledi ya mkanda hula njia ya milimita 2 hadi 3, na mnyororo hula 8 hadi 10. Ukipasua gogo mara 9, bledi yenye njia ya milimita 2.5 itakula milimita 22.5 kwa jumla, na mnyororo wenye njia ya milimita 9 utakula 81. Tofauti ni milimita 58.5, yaani mbao mbili za milimita 25 zimeishia chini kama unga. Kama una magogo machache ya mti mkubwa usioweza kuhamishwa, mnyororo unatosha. Ukiwa na magogo mengi, bledi ya mkanda ndiyo inayolipa.

Soma gogo kabla ya kuligusa

Zunguka gogo lote, ncha zote mbili, huku ukiwa na chaki mkononi.

Anza na kiini. Kikiwa katikati kabisa, mti ulisimama wima na mbao zake zitakuwa tulivu. Kikiwa kimesogea upande mmoja, mti uliinama au ulisukumwa na upepo miaka mingi, na ukajijengea mbao yenye nguvu isiyo sawa ili usianguke. Misonobari na jamaa zake huijenga upande wa chini wa mwinamo, na miti ya majani mapana huijenga upande wa juu. Mbao ya namna hiyo hujikunja vibaya ikikauka. Matawi makubwa ni hivyohivyo: tawi ni mti ulioinama maisha yake yote. Vipande vya matawi vifae vinyago, vipini na kuni. Usivipasue kwa ajili ya meza.

Kisha tazama nyufa za ngozi ya gogo lililokauka kidogo. Zikienda moja kwa moja kutoka shina hadi kilele, nyuzi zimenyooka. Zikizunguka gogo kama kamba iliyosokotwa, kila mbao utakayoitoa itajisokota. Gogo hilo likate vipande vifupi vya matumizi madogo, kwa sababu mbao ya futi 3 haionyeshi msokoto kama ile ya futi 12.

Gogo lililopinda nalo dawa yake ni kulikata fupi. Pinda la sentimita 10 kwenye gogo la mita 4 linakula mbao nyingi sana. Ukilikata katikati, kila nusu inabaki na pinda la sentimita 2 na nusu hivi. Watu huona uchungu kukata gogo refu, lakini mita mbili mbili zilizonyooka ni bora kuliko mabanzi marefu, yaani vile vipande vya nje vyenye gome.

Angalia pia chuma. Mti uliokua karibu na nyumba, uzio au barabara una uwezekano mkubwa wa kumeza misumari na waya. Chuma kikikaa ndani ya mti wenye utomvu mkali huacha doa jeusi au la buluu, na doa hilo hupanda na kushuka kufuata nyuzi. Ukiona doa kama hilo kwenye ncha, chukulia kwamba kuna msumari mahali fulani, na ama ukate kipande hicho ama upitishe kifaa cha kutambua chuma. Msumari mmoja huharibu bledi nzima kwa nusu sekunde.

Mwisho, kadiria uzito. Pima kipenyo katikati ya gogo, gawanya kwa mbili kupata nusu kipenyo, zidisha nusu kipenyo kwa chenyewe, kisha kwa 3.14, kisha kwa urefu. Gogo la kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita 3 lina mita za ujazo 0.38. Mbao mbichi ya miti mingi huwa na kilo 800 hadi 1,000 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo gogo hilo ambalo kwa macho linaonekana la kawaida lina uzito wa kilo 300 hadi 380. Hakuna mguu wa mtu unaoweza kulizuia likianza kubiringika. Unapolisukuma mtelemkoni simama upande wa juu, tumia mtaimbo au nguzo yenye ndoano, na weka kabari kabla ya kuachia.

Ncha kwanza, mengine baadaye

Mti ukishaangushwa, saa inaanza kuhesabu. Unyevu hutoka kwa kufuata nyuzi haraka mara 10 hadi 15 kuliko unavyotoka kwa kukata nyuzi. Hii ina maana ncha za gogo hukauka na kusinyaa wakati katikati bado kumelowa, na ncha zikisinyaa peke yake hupasuka. Nyufa hizo huingia ndani, na kila mbao utakayopasua itakuwa nazo.

Paka ncha siku ileile. Nta iliyoyeyushwa ni nzuri mno, rangi nzito ya mafuta iliyopakwa mara mbili inatosha, na hata rangi ya ukutani iliyobaki kwenye kopo ni bora kuliko kuacha wazi. Kupaka baada ya wiki mbili kunafungia nyufa zilizokwisha kuanza. Kama kuna kazi moja katika mwongozo huu ninayomsihi mtu asiiruke, ni hii, kwa sababu inachukua dakika tano tu.

Acha sentimita 5 hadi 10 za ziada kwenye urefu wa kila gogo, za kukata mwishoni. Weka magogo juu ya magogo mengine membamba, yasiguse udongo, na yawe kivulini. Miti yenye mbao nyeupe, kama mwembe na mpira, hushikwa na ukungu wa buluu upesi sana kwenye joto na unyevu, kwa hiyo ndiyo ya kupasuliwa kwanza. Mti wenye mbao ya ndani nyeusi au nyekundu, kama mtiki, huvumilia zaidi.

Kabla gogo halijafika kitandani, lisafishe. Mchanga na vijiwe vilivyonasa kwenye gome wakati wa kuburuta ndivyo adui mkubwa wa bledi, kuliko ugumu wa mti wenyewe. Piga kwa brashi ya waya, mwagia maji, au bandua gome kwa shoka pale bledi itakapoingilia.

Mashine inyooke kabla ya mbao

Kitanda kilichosokotwa kidogo hutoa mbao zilizosokotwa, na utatumia mwezi mzima ukilaumu miti. Funga uzi kutoka mwanzo wa reli hadi mwisho, uvute, upime nafasi kati ya uzi na reli kila nusu mita. Fanya hivyo kwa reli zote mbili, kisha weka pima maji kwa kukingama kutoka reli hadi reli. Rekebisha kwa vipande vya chuma chini ya miguu mpaka tofauti iwe chini ya milimita moja. Miguu ikae juu ya kitu kigumu. Udongo ukilowa hunywea chini ya uzito wa magogo, kwa hiyo pima upya baada ya mvua kubwa.

Sasa bledi. Vaa glovu na miwani unapoikunjua, maana mkanda wa mita 4 uliokunjwa mara tatu hufunguka kwa nguvu. Ifunge, ivute kwa mkazo uliotajwa na watengenezaji wa mashine, zungusha magurudumu kwa mkono uone inakaa mahali pamoja bila kusogea mbele wala nyuma. Roli za kuongoza ziisukume bledi kwenda chini kama milimita 6 kutoka kwenye mstari wake wa kawaida. Hapo ndipo inapopata uthabiti. Roli moja husogezwa, na iwe karibu na gogo kadiri inavyowezekana: sentimita 5 kutoka sehemu pana kuliko zote. Bledi iliyoachwa wazi nafasi kubwa kati ya roli na gogo huyumba kama uzi wa kuanikia nguo.

Weka tangi la maji lenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, lidondoke matone juu ya bledi. Kazi yake ni kuzuia utomvu usigande. Kwa mti mkavu na safi unaweza kulifunga. Kwa msonobari hutaweza.

Usalama wenyewe hauna maneno mengi. Kinga masikio, macho na pua. Kinga ya pua watu huidharau, ingawa mwaka 1995 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nguo isipepee. Hakuna anayesimama kwenye mstari wa bledi, mbele wala nyuma, kwa sababu ikikatika huruka upande huo. Hakuna mkono unaogusa gogo bledi ikizunguka, hata kuondoa kijiti tu. Na mtu asipasue peke yake mahali ambapo hakuna atakayemsikia.

Lala na kiini, usilale na gome

Hii ndiyo sehemu yenyewe.

Gogo lina ncha nene na ncha nyembamba. Ukililaza tu kitandani, kiini kitakuwa kimeinama: juu upande mnene, chini upande mwembamba. Bledi inakwenda sambamba na kitanda, kwa hiyo itakata nyuzi kwa mshazari, na mbao ya namna hiyo ni dhaifu na hupinda. Chukua futi kamba, pima kutoka kitandani hadi kwenye kiini upande mnene. Tuseme ni sentimita 25. Nenda upande mwembamba, upime tena: sentimita 20. Inua ncha nyembamba kwa jeki au kabari sentimita 5, mpaka vipimo vilingane. Sasa kiini kiko sambamba na bledi.

Geuza gogo upande mbaya uwe juu au chini, yaani ule wenye mafundo makubwa, kovu au ufa. Gogo likiwa na ufa uliopitia kiini, ugeuze ufa huo uwe sambamba na bledi, ili uharibu mbao moja ya katikati badala ya kuzipitia zote. Kaza vibano. Kisha shusha nguzo za kuegemeza na vibano viwe chini ya njia ya bledi, na uhakikishe kwa macho, si kwa kumbukumbu. Kukata nguzo ya mashine ni kosa linalowapata wapya na wazoefu sawasawa, na huja pale mtu anaposhusha bledi kwa mkato unaofuata bila kuangalia upande wa pili.

Pasua banzi la kwanza. Endelea hadi upate uso wenye upana unaoutaka. Kisha geuza gogo nyuzi 180, uso ule bapa ulale kitandani, na uondoe ile kabari: uso uko sambamba na kiini, hauhitaji kuinuliwa tena. Pasua upande wa pili. Geuza nyuzi 90, nyuso mbili zikiwa wima zimeegemea nguzo. Hapa wengi husahau: upande huu bado una unene na wembamba, kwa hiyo inua ncha nyembamba upya kwa kupima kiini. Pasua, geuza 180, pasua upande wa mwisho. Una gogo la mraba lenye kiini katikati.

Kuna anayepasua tangu juu hadi chini bila kugeuza, akapata mbao zenye gome pande zote mbili. Ni haraka, na kwa mbao pana za meza zenye ukingo wa asili ndiyo njia yake. Lakini mbao za katikati zitakuwa na kiini ndani, na mbao nyembamba yenye kiini itapasuka kwa urefu, haina ujanja. Kiini kina makao mawili tu: ndani ya boriti nene, katikati yake kabisa, au ndani ya kipande unachokitoa na kukitupa.

Kwa mbao zisizotaka kucheza kabisa, kama za milango, gogo hugawanywa robo nne na kila robo ikapasuliwa ili pete zisimame wima kwenye ncha ya mbao. Sababu ni hii: mti husinyaa kwa kufuata mzunguko wa pete takriban mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda gome. Mbao ambayo pete zake zimelala husinyaa sana kwa upana, na uso wake ulioelekea gome hubonyea kama sinia. Mbao ambayo pete zimesimama husinyaa nusu ya hapo na hubaki bapa. Gharama yake ni mbao nyembamba zaidi na mabanzi mengi zaidi. Kwa gogo lenye kipenyo chini ya sentimita 40 sioni faida.

Hesabu kutoka chini kwenda juu

Mpasuaji mpya huhesabu kutoka juu, akishusha bledi milimita 25 kila mara, na mwisho hubaki na mbao ya milimita 17 isiyofaa kitu. Ana makosa mawili: amesahau njia ya bledi, na ameanza upande usio sahihi.

Anza na mbao ya mwisho, ile itakayobaki kitandani. Iwe milimita 25, basi bledi iwe kwenye urefu wa 25. Mbao iliyo juu yake inahitaji 25 zake pamoja na 2.5 za njia, kwa hiyo 52.5. Inayofuata 80, kisha 107.5, kisha 135, kisha 162.5. Andika namba hizi kwenye kipande cha mbao, ukibandike kwenye mashine. Unapopasua banzi la mwisho la juu, lishushe hadi kwenye namba mojawapo ya hizo, na zote zilizobaki zitatoka sawa. Usikadirie njia ya bledi yako kwa kusoma maandishi: pasua mbao moja, pima gogo kabla na baada, toa unene wa mbao. Kinachobaki ndiyo njia.

Unene wa kupasua si unene wa kutumia. Mbao mbichi ya milimita 25 ikikauka inaweza kufika 23.5, na randa ikipita pande zote mbili unabaki na 20. Anayetaka 20 apasue 25 au 26. Na usitegemee gogo lote liwe mbao: kwa mashine ndogo, kupata nusu ya ujazo wa gogo ni kazi ya kawaida, na zaidi kidogo ya hapo ni kazi nzuri.

Wakati bledi iko ndani

Ingia taratibu, ongeza mwendo bledi ikishazama, punguza kwenye mafundo, toka taratibu. Sikiliza. Bledi kali ina sauti moja iliyotulia na hutema unga wenye chembe. Bledi butu huguna, hutema vumbi laini, na mkono unaosukuma huhisi uzito.

Mbao yenye mawimbi ina sababu nne, na zichunguze kwa mpangilio huu: bledi butu, mkazo mdogo, kusukuma kwa pupa, roli za kuongoza zilizokaa vibaya. Karibu kila mara ni ya kwanza. Bledi ikianza kupanda au kushuka kwenye fundo, usisukume kwa nguvu ukidhani itarudi. Simamisha, gonga kabari ndogo nyuma yake, irudishe, weka kali.

Kuna miti inayopigana. Mkaratusi ndio maarufu. Ndani yake kuna mvutano: sehemu ya nje inavutwa kwa urefu, ya ndani imebanwa. Ukiondoa mbao upande mmoja, mizani inavunjika, na gogo lililobaki linajikunja kitandani kama upinde. Utaona halilali tena bapa. Ukiendelea kupasua, mbao itakuwa nyembamba kwenye ncha na nene katikati, au kinyume chake. Dawa ni kuchukua kidogo upande huu, kugeuza nyuzi 180, kuchukua kidogo upande wa pili, na kuendelea hivyo ukikizunguka kiini kwa zamu. Kila unapoona pinda, pasua kipande chembamba cha kunyoosha, kisha endelea na vipimo vyako. Utatumia muda mara mbili. Mtu anayekwambia mkaratusi haufai kwa mbao pengine aliupasua kutoka upande mmoja.

Bledi inachoka kabla ya meno kwisha

Bledi ya mita 4 inayokwenda mita 25 kwa sekunde, mwendo wa kawaida wa mashine hizi, hupita kila gurudumu mara sita kwa sekunde. Magurudumu ni mawili, kwa hiyo inapindwa na kunyooshwa mara 12 kila sekunde, zaidi ya mara 40,000 kwa saa. Chuma huchoka. Ndiyo maana bledi nyingi hukatika meno yakiwa bado mazima, na ufa huanzia kwenye bonde la jino, ile nafasi kati ya jino na jino.

Ibadilishe kila baada ya saa moja na nusu hadi mbili za kupasua, hata kama inaonekana inaweza kuendelea. Bledi butu hulazimisha mkazo na joto, na joto huleta nyufa. Iliyopumzishwa ikanolewa mapema hukaa kazini muda mrefu zaidi kwa jumla. Kila unapomaliza kazi legeza mkazo, usiiache imevutwa usiku kucha.

Kunoa kwa tupa ya mkono hakutoshi, kwa kuwa jiwe la kunolea linapaswa kupita uso wa jino, bonde lote na mgongo wake kwa mkupuo mmoja, likiondoa hata vijinyufa usivyoviona. Mtafute mwenye mashine ya kunolea. Pembe ya jino ya nyuzi 10 inafaa kwa miti mingi, na kwa mbao ngumu sana punguza. Meno pia hupindwa kidogo, moja kushoto, moja kulia, moja limenyooka, takriban nusu milimita kila upande, ili njia iwe pana kuliko mkanda wenyewe. Mpindo ukiisha bledi hubanwa na kuungua. Ukipasua mtiki, andaa bledi za ziada: mbao yake ina chembe za silika, kama mchanga, na hubutua meno haraka.

Kukausha ni nusu ya kazi

Nimeona mbao nzuri zimepasuliwa kwa ustadi, kisha zikaegemezwa ukutani kusubiri wiki ijayo. Wiki ijayo zilikuwa pinde. Mbao mbichi ipangwe siku ileile.

Tengeneza msingi ulioinuka sentimita 30 hadi 40 kutoka ardhini, na vishikizo vyake vyote viwe usawa mmoja, kwa sababu mbao itakauka kwa umbo la kitu kilichoibeba. Andaa vijiti vikavu vya unene mmoja, milimita 20 hadi 25. Vikiwa vibichi vitaacha madoa yasiyotoka hata kwa randa. Weka kijiti kila sentimita 40 hadi 60, kimoja kabisa kwenye kila ncha, na kila kijiti kikae juu ya kile cha chini yake kwa mstari wa wima. Kijiti kilichosogea sentimita 10 kinapinda mbao pale kilipo. Mbao za unene mmoja zikae pamoja. Mbovu kidogo ziwe juu, nzuri chini ambako kuna uzito. Juu kabisa weka mawe au matofali, kisha paa linalozuia mvua na jua. Usizungushie turubai pembeni: upepo ndio unaokausha, na turubai linafungia ukungu ndani.

Ziangalie pia dalili za wadudu. Vitobo vidogo vyenye unga laini kama wa ngano chini yake ni kazi ya bungua, na hupenda mbao nyeupe ya nje. Dawa ya boroni ikipakwa mbao ikiwa bado mbichi huzama vizuri zaidi.

Utajuaje imekauka? Wengine husema mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Ni kanuni ya nchi za baridi, na mahali pakavu penye joto mbao huwahi sana. Mizani ni shahidi bora. Chagua mbao moja, iandike namba, ipime uzito kila wiki mbili. Uzito ukigoma kushuka mara tatu mfululizo, imefika pale hewa ya mahali hapo inapoiruhusu. Ukitaka namba kamili, kata kipande kidogo ndani ya mbao, mbali na ncha, kipime, kikaushe kwenye oveni ya nyuzi joto 103 hadi uzito usishuke tena, kipime tena. Gramu 480 zikiwa 300, maji yalikuwa 180. Gawanya kwa 300, ni asilimia 60. Mbao haianzi kusinyaa mpaka ishuke chini ya takriban asilimia 28 hadi 30, kwa hiyo wiki za mwanzo hudanganya: uzito unashuka sana, umbo halibadiliki, mtu anadhani hatari imepita. Hatari iko mbele yake, na ndipo uzito wa juu na vijiti vilivyonyooka vinapofanya kazi.

Mbao iliyokauka nje chini ya paa kwa kawaida hubaki na asilimia 12 hadi 18. Ikienda kutengeneza kitu cha ndani ya nyumba, ihamishie ndani ikiwa bado imepangwa kwa vijiti, ikae wiki kadhaa, uendelee kuipima. Ikitulia, ndipo ukate zile sentimita za ziada ulizoacha kwenye ncha, uondoe nyufa zilizopenya rangi, na uipeleke kwenye randa.